Maswali ya Wasomaji: Miguu Miwili Majini

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya mchoro mmoja wa zamani uliotundikwa Brussels, unaomwonyesha kijana akizama baharini huku watu waliomzunguka wakiendelea na shughuli zao. Hatukutarajia kwamba ukurasa ule mmoja ungetuletea barua nyingi kiasi hiki. Nimechagua tano, kwa sababu kila moja, kwa njia yake, inauliza ushairi na sanaa hufanya nini mbele ya mateso ambayo hakuna aliyeyatazama.

Ndugu Mhariri,

*Mimi ni mwalimu wa Fasihi katika shule ya sekondari. Niliupeleka ukurasa wenu darasani, na wanafunzi walichukua muda mrefu kabla ya kuiona ile miguu ya kijana anayezama. Mmoja alipoiona aliniuliza: "Mwalimu, kama mchoraji alitaka tumhurumie huyu, mbona amemficha?" Mwingine akadakia kwamba hata mshairi akitunga beti mia, aliyekufa amekwisha kufa. Nilikosa la kuwajibu. Naomba msaada wako.*

*Mwalimu, Tanga*

Mwalimu, huyo mwanafunzi wako wa kwanza mpongeze kwa niaba yangu, kwa kuwa ameng'amua jambo ambalo watu wazima wengi hulipita: kijana yule amefichwa kwa makusudi.

Kisa chenyewe ni cha Wagiriki wa kale. Fundi Daedalus, aliyezuiliwa katika kisiwa cha Krete, alijitengenezea mabawa ya manyoya na nta, akamtengenezea na mwanawe Icarus, akamwonya asiruke juu mno. Kijana alinogewa na kuruka, akalikaribia jua, nta ikayeyuka, akaanguka baharini. Ovid, mshairi wa Kirumi, alipokisimulia kisa hiki miaka elfu mbili iliyopita, aliwaweka chini yao watu watatu: mvuvi, mchungaji na mkulima. Kwa Ovid, watu hawa waliinua macho, wakapigwa na butwaa, wakadhani wanaona miungu ikipita angani.

Pieter Bruegel, mchoraji wa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) aliyefariki mwaka 1569, aliwachukua watu wale wale watatu akawageuza nyuso. Mkulima yuko mbele kabisa, mkubwa kuliko mtu mwingine yeyote katika mchoro, mikono ya shati lake ni myekundu, anafuata farasi na plau, na macho ameyainamisha kwenye udongo unaopinduka kwa mistari iliyonyooka vizuri. Mchungaji ameegemea fimbo yake, mbwa yuko kando, naye anatazama juu, lakini upande ambao hauna kitu. Mvuvi ameketi ukingoni, mkono ameunyoosha kuelekea maji, hatua chache tu kutoka kwa kijana. Merikebu inapita, tanga zimejaa upepo. Na chini kabisa, upande wa kulia, katika kona ambayo jicho huifikia mwisho, miguu miwili myeupe inapiga maji, na manyoya machache yanapeperuka hewani.

Waambie wanafunzi watazame tena upande wa kushoto, kichakani, pale shamba linapoishia. Kuna kichwa cha mzee kati ya miti, naye ni maiti. Watu wa Flanders walikuwa na methali isemayo kwamba plau halisimami kwa ajili ya anayekufa, na inaelekea mchoraji alikuwa na methali hiyo akilini. Sisi tunayo yetu: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hizi mbili zinalitazama jambo moja kutoka ng'ambo mbili. Ya kwanza inamsemea mpita njia, ya pili inamsemea aliyelala chini.

Sasa nijibu swali. Lau Bruegel angemweka Icarus katikati, mkubwa, kinywa wazi, mikono juu, tungemhurumia papo hapo, tukaridhika na huruma yetu, tukafungua ukurasa unaofuata. Badala yake ametufanya tutende kile kile alichotenda mkulima. Sisi pia tulianza na shamba, tukaenda kwa farasi, tukaifurahia bahari na jua lililo kwenye upeo, na kijana alikuwa akizama muda wote huo. Wanafunzi wako walichukua muda mrefu kabla ya kuiona miguu. Muda ule, Mwalimu, ndio mchoro wenyewe. Hakuna hotuba juu ya ubinafsi wa binadamu ambayo ingewafundisha walichojifunza kwa macho yao walipogundua kwamba wao pia walikuwa wamepita.

Tena angalia kwamba mkulima hakuchorwa kuwa mtu mbaya. Ana kazi, msimu haumsubiri, na huenda hata sauti ya maji hakuisikia. Bruegel alilirudia wazo hili mwaka 1566 katika mchoro wake wa sensa ya Bethlehemu, uliomo katika jumba hilo hilo la Brussels. Ameihamishia Bethlehemu katika kijiji cha Flanders chenye theluji. Watu wamejazana mlangoni pa nyumba ya wageni wakiandikishwa, nguruwe anachinjwa, watoto wanateleza juu ya barafu, na kati ya msongamano ule anapita mwanamke mjamzito juu ya punda, mumewe mbele yake na msumeno begani, wala hakuna anayewapisha.

Mshairi Mwingereza W. H. Auden alisimama mbele ya michoro hii mnamo Desemba 1938, akatunga shairi fupi lililokuja kujulikana duniani kote. Anasema humo kwamba wachoraji wale wa kale waliyaelewa mateso, yaani walijua kuwa hutokea wakati mtu mwingine anakula, au anafungua dirisha, au anatembea tu bila haraka. Anataja mbwa wanaoendelea na maisha yao ya kimbwa, farasi wa mtesaji anayejikuna kwenye mti, na merikebu ambayo bila shaka iliona kitu cha ajabu, mvulana akianguka kutoka angani, lakini ilikuwa na safari yake. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona lina ubaridi. Nilibadili mawazo nilipoizingatia tarehe. Auden alikuwa ameiona vita ya Hispania mwaka 1937 na ya China mwanzoni mwa 1938, na mwezi mmoja tu kabla ya shairi lile, katika Novemba, masinagogi ya Wayahudi yalikuwa yamechomwa moto na maduka yao kuvunjwa kote Ujerumani. Hakuna lolote kati ya hayo lililotajwa katika shairi, nami naamini aliyanyamazia kwa kukusudia, kwa sababu msomaji wa mwaka ule hakuhitaji kuambiwa ni nani anayezama. Alihitaji kuoneshwa plau lake mwenyewe.

Na hapo ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wa pili. Ni kweli, ushairi huchelewa. Haujawahi kumtoa mtu majini. Lakini Auden alipokuwa amesimama mbele ya mchoro ule, wengi wa wale waliokuja kuangamizwa miaka michache baadaye walikuwa bado hai, wakigonga milango ya balozi na kupanga foleni bandarini. Wapo wanaozama sasa hivi wakati darasa lako linajadili suala hili, na kijana aliyejizoeza kuitafuta miguu katika kona ya mchoro ana nafasi kubwa zaidi ya kuiona katika kona ya mtaa wake.

Mzee wetu, shikamoo.

*Nimesikia kwamba mchoro ule si wa Bruegel hata kidogo. Mbona mnaendelea kulitaja jina lake?*

*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Umesikia sawa. Michoro mingine ya rangi za mafuta ya Bruegel iko juu ya mbao ilhali huu uko juu ya turubai, na uchunguzi wa kitaalamu wa miaka ya 1990 uliongeza shaka, kiasi kwamba wataalamu wengi sasa wanauona kuwa ni nakala ya kazi yake iliyopotea. Mpangilio na wazo, hata hivyo, vinahesabiwa kuwa ni vyake. Liko toleo jingine, dogo zaidi, papo hapo Brussels, ambalo ndani yake Daedalus anaonekana akiruka angani, na ndiye mchungaji anayemkodolea macho. Katika toleo tulilolichapisha sisi baba hayupo, na mchungaji anatazama anga tupu. Iwe aliyemwondoa ni nani, kukosekana kwake kumeuzidishia mchoro uzito: hata yule mmoja ambaye kilio chake kingesikika hayumo.

Ndugu Mhariri,

*Marehemu bibi yangu alikuwa akiuimba wimbo wa Kijiti huku anakuna nazi, tena kwa sauti ya raha kabisa. Niliyaelewa maneno yake nilipokuwa mtu mzima, nikashtuka. Inakuwaje habari ya mwanamke aliyeuawa itiwe udi na fidla, watu waburudike nayo?*

*Msomaji, Unguja*

Ndugu yangu wa Unguja, umenipa nafasi ya kusema jambo ambalo nilitaka kumwambia Mwalimu wa Tanga, nikaona nikuachie wewe: huhitaji kusafiri mpaka Brussels kuipata sanaa ya aina hii.

Kwa wasioufahamu wimbo, kisa chake ni hiki. Mwanamke aliyetoka bara alikuja Unguja kutembea. Mwanamume aitwaye Kijiti akamchukua usiku kwenda ngomani, akanyweshwa ulevi, akaharibiwa na kuuawa. Muuaji akavuka maji akatoroka, na kesi ilipofika mbele ya jaji wa zama za ukoloni, waliotiwa hatiani ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa kosa la ulevi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi na kuanza maisha kwa kuuza vyungu, aliuimba mkasa huu pamoja na wenzake waliokuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa watu wanyonge, ambako habari za mji ziligeuzwa nyimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, na sauti yake ikaanza kutiwa katika sahani za santuri.

Sikiliza neno linaloufungua wimbo: "Tazameni, tazameni". Katika mchoro wa Flanders hakuna anayetazama, na mchoraji anatuacha tugundue wenyewe. Siti anatumia njia nyingine. Anatuamrisha, sote kwa wingi wetu, tena mara mbili. Mahakama ilikuwa imetazama pembeni, ikaiona chupa badala ya maiti. Wimbo unayashika macho ya watu na kuyarudisha pale yalipotakiwa kuwa.

Jambo la pili ni jina. Muuaji ametajwa, na jina lake limekuwa jina la wimbo, asiweze kulikimbia hata akivuka bahari ngapi. Mwanamke anaitwa mgeni tu. Baadhi ya wasikilizaji huliona hilo kuwa ni kumpuuza. Mimi naliona kinyume, kwa sababu kwa Waswahili neno mgeni ni dhamana: mgeni ana haki juu ya mwenyeji, ya chakula, ya malazi, ya kurudishwa salama kwao. Wimbo unaposema kwamba aliyechukuliwa maguguni ni mgeni, umekwisha kuushitaki mji mzima bila kuongeza neno.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi kila ninapousikiliza. Kuna mahali katika wimbo ambapo sauti inabadilika, na anayesema ni yule mwanamke mwenyewe, akimwambia Kijiti kwamba anamuua kwa kilevi cha pegi moja, na kwamba lau angelijua asingelikubali kuondoka naye. Tumesema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hapa maiti amepewa kinywa. Shahidi pekee ambaye mahakama isingeweza kumwita anasimama katikati ya taarabu akatoa ushahidi wake, na wanawake waliomsikiliza Ng'ambo walijua vizuri kwamba ushahidi wao wenyewe ulikuwa umewaponza wenzao.

Sasa hiyo raha uliyoisikia kwa bibi yako. Wimbo wa maombolezo matupu huimbwa matangani, ukazikwa na aliyezikwa. Huu ulitiwa lahani tamu, ukaingia majikoni, ukapita kwa mwimbaji Bi Kidude ambaye aliendelea kuuimba uzeeni, hadi karibu na kifo chake mwaka 2013, ukafika kwenye mbuzi ya kukunia nazi ya bibi yako, na kutoka hapo ukakufikia wewe. Uliyabeba maneno kwa miaka mingi kabla hujayaelewa. Utamu ndio uliokuwa chombo, na mzigo umefika.

Ndugu Mhariri,

*Babu yangu alifanya kazi katika migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo, kabla ya familia yetu kuhamia upande huu wa ziwa. Sebuleni kwake Lubumbashi kulikuwa na mchoro wa mtu aliyelazwa kifudifudi akichapwa mbele ya ofisa wa Kibelgiji, na juu yake pameandikwa "Colonie Belge", yaani Koloni la Ubelgiji. Wageni walikula chini ya mchoro ule. Nilikuwa mdogo, nikiuogopa. Kwa nini mtu aliyepata mateso ayatundike ukutani?*

*Msomaji, Kigoma*

Nimeirudia barua yako mara kadhaa, kwa sababu mchoro uliokuwa sebuleni kwa babu yako ni sehemu ya historia kubwa ya sanaa, na inawezekana hakuna aliyewahi kukwambia hivyo.

Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliwauzia majirani zao, wafanyakazi wa migodi na makarani, michoro iliyochorwa mara nyingi juu ya magunia ya unga. Aina ile unayoikumbuka ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa sana. Mchoraji anayejulikana zaidi kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa michoro ipatayo mia moja ya historia ya nchi yake, akiueleza mchoro mmoja mmoja kwa Kiswahili cha Katanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoweka, na hajulikani alikoishia.

Ukiukumbuka mchoro wa babu yako utaziona tena sehemu zake. Uwanja wa gereza, bendera ya Ubelgiji. Wafungwa wamevaa sare za mistari, wengine wamebeba mizigo au ndoo za maji. Katikati amelala mtu, nguo imeshushwa, na askari mweusi ameinua mkono wenye mjeledi. Mzungu amesimama akitazama, mara nyingi ana kiko mdomoni. Pembeni wako wanawake, mmoja analia, mwingine ameleta chakula cha mume wake. Utaona kwamba hapa pia kazi zinaendelea kama katika mchoro wa Bruegel, maji yanachotwa na chakula kinafika, ila aliyeumizwa hakutiwa kona. Yuko katikati, na kila mstari wa mchoro unamwendea yeye.

Mjeledi wenyewe tunaubeba katika lugha. Kiboko ni mnyama, na kiboko ni kifaa cha kuchapia, kwa kuwa mjeledi ule ulikatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Leo tunasema mtoto kachapwa viboko vitatu, wala hatumkumbuki mnyama, wala mtu aliyelazwa chini katika uwanja wa gereza la Kongo. Hivyo ndivyo mateso yanavyopotea machoni: yanabaki katika neno la kila siku mpaka neno lenyewe likawa halina kitu ndani.

Wenye michoro ile waliiita ukumbusho. Zingatia umbo la neno hili. Kumbukumbu ni kile ulichonacho wewe kichwani, lakini ukumbusho humkumbusha mtu mwingine. Babu yako hakuutundika mchoro ule kwa ajili yake mwenyewe, maana yeye asingeweza kusahau hata ukuta ungebaki mtupu. Aliutundika kwa ajili ya mgeni anayekula, na kwa ajili yako wewe uliyekuwa ukiuogopa. Tshibumba aliandika juu ya baadhi ya michoro yake miaka "1885–1959". Katika vitabu, miaka ya kabla ya 1908 huwekwa chini ya Mfalme Leopold II, aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi, na inayofuata huwekwa chini ya dola ya Ubelgiji, kana kwamba jambo moja lilikwisha na jingine likaanza. Kwa aliyelala kifudifudi hapakuwa na mpaka huo, na mchoraji alilisema hilo kwa tarehe mbili tu.

Nikurudishe kidogo nyuma. Mwezi Mei 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aliyeitwa Nsala barazani kwa mmisionari huyo, huko Baringa, Kongo. Nsala ameketi ubavu, haitazami kamera. Anatazama sakafuni mbele yake, ambako kuna kiganja na mguu wa binti yake wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha zile zilirushwa ukutani katika mikutano ya hadhara ng'ambo, na watu waliokuwa wakinunua matairi bila kuuliza mpira ulitoka wapi walilazimika kuyafuata macho ya Nsala mpaka sakafuni. Zilichangia kumfanya Leopold aiachie Kongo mwaka 1908. Hazikukomesha kiboko, kama babu yako alivyojua.

Na mwaka 1912, miaka minne baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo, jumba la makumbusho la Brussels lilinunua ule mchoro wa Icarus. Sisemi kwamba walionunua walikuwa na lolote moyoni. Nasema tu kwamba wakazi wa mji ule waliutazama, vizazi kwa vizazi, mchoro wa watu wasiomwona anayezama, na katika miaka hiyo hiyo uwanja wa gereza wa sebuleni kwa babu yako ulikuwa na watu ndani yake.

Mheshimiwa Mhariri,

*Mimi ni muuguzi. Wodini kwetu alilazwa bibi mmoja ambaye kila saa ya kuwatembelea wagonjwa ilipofika aliketi kitandani, akafungua pindo la kanga yake, akahesabu fedha, akafunga tena. Aliniambia ni nauli ya kumrudisha mjukuu wake nyumbani siku atakapokuja kumwona. Hakuja mtu. Alipofariki nilitunga shairi la beti nane, nimeliambatisha. Wenzangu wanasema nimemvunjia heshima kwa kuyafanya mateso yake kuwa utunzi. Je, nimekosea?*

*Muuguzi, Mombasa*

Dada yangu, pole, kwa sababu katika barua yako ni dhahiri kwamba hujapoa.

Wenzako wana hoja, usiwapuuze. Mji wako umemtoa mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa miaka mitatu kuanzia 1969, akawa anaandika tungo zake kwenye karatasi za chooni ndani ya seli, na tungo hizo zikachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Dhiki ile ilikuwa yake, na sauti ilikuwa yake. Wewe umeichukua dhiki ya mtu mwingine ambaye hawezi tena kukuambia ndiyo wala hapana. Kwa hiyo liondoe jina la wodi, uondoe ugonjwa, uondoe kijiji alichotoka, maana hayo uliyajua kwa sababu ya kazi yako, wala hukupewa uyatangaze. Pindo la kanga alikuonesha mwenyewe.

Nikupe mfano wa mtu aliyepita njia kama yako. Käthe Kollwitz alikuwa mchoraji na mchongaji wa Berlin, na mumewe alikuwa daktari wa watu maskini, hivyo wanawake waliokuja kutibiwa walipita karibu naye kila siku. Alikiri baadaye kwamba mwanzoni alivutiwa na maskini kwa sababu aliwaona wana uzuri wa kuchorwa, na kwamba uchungu wa maisha yao aliujua pale tu alipokaa nao na kuwasikiliza. Mwezi Oktoba 1914 mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, aliuawa vitani Ubelgiji. Kollwitz akaazimia kumchongea kumbukumbu, na katika mpango wake wa kwanza kijana alikuwa amelazwa, wazazi wakiwa kando yake. Kazi ile ilimchukua karibu miaka 18. Ilipowekwa makaburini mwaka 1932 kijana hakuwamo tena. Wamebaki wazazi wawili wa mawe, kila mmoja amepiga magoti peke yake, baba amejikumbatia kwa mikono yake, mama ameinama. Miaka yote ile aliitumia kuondoa, na alichokiondoa mwisho ni kile kile alichokuwa akikililia.

Sasa shairi lako. Lina beti nane, na sita zinaeleza jinsi moyo wako ulivyoumia. Ziondoe hizo, hata ile yenye tashbihi ya mshumaa ambayo najua umeipenda. Baki na mbili zinazomhusu bibi: vidole vinavyofungua fundo, fedha zinazohesabiwa juu ya shuka, kengele ya kumaliza muda wa wageni, fundo linalofungwa tena. Msomaji ataumia mwenyewe, hahitaji kuongozwa.

Ubeti wa tano nina neno nao la pekee, kwa kuwa humo umemlaani mjukuu. Hukumjua, wala hukuambiwa kwa nini hakuja. Umeandika kwamba bibi alimwekea nauli ya kurudia, na hujajiuliza kama alikuwa na ya kujia. Huenda alikaa siku zile zote mahali fulani akitafuta kiasi kile kile cha fedha, nacho kilikuwa kimefungwa katika pindo la kanga wodini kwako. Kama utaongeza ubeti wa tatu, uandike huo.

Kina cha mwisho katika ubeti wa pili kimevunjika. Ukikirekebisha, usiliguse neno "pindo". Badilisha kingine chochote.